Vivuli vimemezana, anga lina ngazi: printa ya wino wa kijivu isawazishweje?

"Nina printa ya wino yenye katriji sita. Miezi minne iliyopita niliondoa wino wote wa rangi, nikaweka wino wa kaboni: mweusi mmoja na vijivu vitano vinavyozidi kuwa vyepesi. Nachapa picha za nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, kupitia QuadToneRIP (programu inayoiambia printa kila wino umwagwe kiasi gani), kwa mkunjo, yaani faili la maagizo hayo, ulioandaliwa kwa karatasi nyingine inayofanana na yangu. Picha zinatoka kali, lakini vivuli vinamezana: koti jeusi na ukuta ulio nyuma yake havitengani. Angani, mahali panapotakiwa kufifia polepole, naona kama ngazi. Na picha nzima inaelekea kahawia. Nimeshasawazisha skrini kwa kifaa, nimeongeza mwanga kwenye programu ya picha, nimejaribu hata profaili ya karatasi (faili la kurekebisha rangi kwa karatasi fulani) niliyopakua. Kila nikirekebisha hapa, panaharibika pale. Je, tatizo ni wino, printa, au mimi? Na ni lazima ninunue spektrofotometa, kile kifaa cha kupimia rangi?"

Pole kwa karatasi zote ulizopoteza. Karatasi ya pamba haiuzwi kwa bei ya daftari, na najua uchungu wa kuitazama picha uliyoipenda ikitoka imekufa vivuli. Ila habari niliyo nayo ni njema: kwa ulivyoeleza, wino wako ni mzima, printa yako huenda ni nzima, na jicho lako limeona sawasawa. Kinachokusumbua ni matatizo matatu tofauti yaliyovaa nguo moja, ndiyo maana ukivuta hapa panapasuka pale. Vivuli kumezana kunatokana na wingi wa wino na kutanuka kwa nukta. Ngazi angani zinatokana na wino mmoja kuupokea mwingine vibaya. Ukahawia ni tabia ya kaboni yenyewe, na huo hautaondoka hata ukisawazisha printa mwaka mzima. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa hizo zina mpangilio. Ukianza na ya mwisho, ya kwanza inakukana.

Kabla ya dawa, tuondoe mambo mawili yaliyokuchelewesha.

La kwanza ni skrini. Kuisawazisha skrini ni jambo jema na usiache, lakini skrini haijui lolote kuhusu karatasi yako. Inachofanya ni kukuhakikishia kwamba unachokiona ndicho kilichomo kwenye faili. Faili lako linaweza kuwa sahihi kabisa na karatasi bado ikakataa kulionyesha. Ninachokuomba uangalie ni mwangaza wa skrini tu. Ikiwa inawaka kupita kandela 120 kwa mita ya mraba, kila picha itaonekana nyeusi mno ikitoka, na utaanza kuitafutia printa makosa ambayo haikuyafanya.

La pili ni ile profaili uliyopakua. Profaili hiyo ilitengenezwa kwa wino wa rangi na draiva ya rangi. Aliyeitengeneza alipima samawati, majenta na manjano vikichanganyika juu ya karatasi hiyo. Katika printa yako, pale palipokuwa na manjano sasa pamekaa kijivu. Kuitumia profaili hiyo ni kama kufuata ramani ya mji mwingine kwa sababu tu majina ya mitaa yanafanana. Iondoe. Zima pia usimamizi wa rangi upande wa programu ya picha, ili faili lifike kwenye QuadToneRIP bila kuguswa na mtu njiani. Na lile ongezeko la mwanga uliloweka kwenye picha, lirudishe lilivyokuwa. Marekebisho ya printa yakae kwenye printa, na marekebisho ya picha yakae kwenye picha. Usipoyatenga, siku ukibadilisha karatasi itakubidi uhariri upya kila picha uliyowahi kuitengeneza.

Sasa tuingie kwenye chanzo chenyewe.

Printa haina kijivu cha kumimina. Ina nukta. Kila nukta ni tone dogo la pikolita chache, na kijivu unachokiona ni uwiano wa nukta na karatasi tupu iliyobaki katikati yake. Mtu angetarajia kwamba ukifunika nusu ya karatasi kwa nukta, utapata nusu ya weusi. Karatasi haifanyi hivyo. Tone likitua, linasambaa kwenye nyuzi za pamba na kuchukua eneo kubwa kuliko lililopangiwa. Zaidi ya hapo, mwanga unaoingia kwenye karatasi kupitia nafasi nyeupe husafiri ndani ya nyuzi, na sehemu yake hutokea chini ya nukta na kumezwa na wino. Kwa hiyo hata ile nafasi nyeupe iliyobaki haiwi nyeupe kamili. Mambo haya mawili yakijumlishwa, nukta inavimba machoni, na kijivu cha katikati kinatoka cheusi kuliko kilivyoombwa. Kiasi cha kuvimba kinategemea karatasi, mipako yake, wino, hata unyevu wa chumba. Ndiyo maana mkunjo wa karatasi "inayofanana" haukufai. Karatasi mbili zinaweza kufanana mkononi na machoni, lakini zikanywa wino kwa namna mbili tofauti kabisa.

Ukipanda kuelekea weusi, jambo lingine linajitokeza. Nukta zinagusana, kisha zinapandana, na baadaye kila tone jipya linatua juu ya wino uliokwisha tua. Weusi hauongezeki tena, kinachoongezeka ni umajimaji. Hapo ndipo koti lako na ukuta wake vilipopotelea. Faili linaagiza asilimia 88 kwa koti na 95 kwa ukuta, printa inatii na kumwaga viwango viwili tofauti vya wino, lakini karatasi ilikwisha shiba tangu 80.

Basi kazi ya kwanza ni kuijua shibe ya karatasi, yaani kikomo cha wino. Ila kabla ya hapo chapa ukurasa wa kukagua matundu ya kichwa. Tundu moja tu likiziba kwenye kijivu chepesi, vipimo vyako vyote vitadanganya. Na zitikise katriji, taratibu, kwa kuzipindua juu chini mara kadhaa. Wino wa kaboni ni chembe zinazoelea kwenye kimiminika, na chembe huzama. Katriji ikikaa muda mrefu bila kusogezwa, chembe hizo hubaki chini. Niliwahi kupima karatasi moja siku tano mfululizo nikipata namba tofauti kila siku, nikabadilisha mkunjo kila siku, mpaka nilipoitoa katriji ya kijivu chepesi na kuiweka mbele ya dirisha: juu maji ya kijivu hafifu, chini utando mzito. Siku tano zote nilikuwa napima utando ule ukipanda na kushuka.

QuadToneRIP ina hali maalumu ya kusawazisha inayochapa kila wino peke yake, kuanzia karatasi tupu hadi asilimia 100 ya uwezo wa kichwa. Chapa ukurasa huo kwenye karatasi yako halisi, upande wake sahihi, kisha uuache ukauke. Nasema ukauke, sisemi ushikike bila kuchafua vidole. Kwenye pamba isiyong'aa weusi hubadilika sana katika saa ya kwanza, halafu huendelea kutulia taratibu. Mimi huacha saa 24. Ukishindwa kusubiri, tumia kikausha nywele kwa umbali wa viganja viwili na uwe unafanya hivyohivyo kila mara, maana kinachovuruga vipimo kuliko kitu kingine ni kubadilisha utaratibu katikati.

Sasa pima safu ya wino mweusi. Kipimo kinachofaa ni L cha mfumo wa Lab, ambapo 100 ni nyeupe kamili na 0 ni giza kamili, na hatua zake zimepangwa zikaribiane na jinsi jicho linavyohisi tofauti za mwangaza. Tuseme umepata hivi: kwa asilimia 60 ya wino, L ni 19, kwa 70 ni 17.2, kwa 80 ni 16.4, kwa 90 ni 16.1, na kwa 100 ni 16.3. Umeona? Kutoka 80 hadi 90 umeongeza wino mwingi ukapata tofauti ya L 0.3 tu, ambayo jicho halitaiona kamwe. Kutoka 90 hadi 100 weusi umerudi nyuma. Kikomo chako ni 80 au karibu na hapo. Usiione kama hasara. Karatasi nzuri isiyong'aa huishia kwenye L ya 15 hadi 18, sawa na densiti (kipimo kingine cha weusi, kinachopanda kadiri weusi unavyozidi) ya 1.6 hadi 1.7, na hakuna mwagiko wa wino utakaoishusha zaidi. Mwenye kutaka weusi wa densiti ya 2.3 atafute karatasi inayong'aa na wino mweusi ulioandaliwa kwa karatasi hizo. Huo ni uamuzi mwingine wenye gharama zake, hasa mng'ao usiolingana kati ya sehemu zenye wino na sehemu tupu.

Namba zisikuzuie kutazama. Chukua kioo cha kukuzia, chapa vipande viwili vyeusi vikitenganishwa na mstari mweupe mwembamba sana, uutazame ukingo wa mstari huo. Chini ya kikomo, mstari umesimama safi. Juu ya kikomo utaona ndevu: vijiti vidogo vya wino vilivyotambaa kwenye nyuzi kutoka kila upande, vikitafutana katikati. Ukiona ndevu, punguza hata kama namba zinakuvutia uendelee. Na kila wino una kikomo chake, maana vijivu vyepesi vina umajimaji mwingi kwa weusi mdogo.

Hapo tumefika kwenye ngazi za angani.

Wino wako sita ni kama wakimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Kijivu chepesi kabisa kinaanza peke yake karibu na weupe, kinakolea, na kabla hakijafika mwisho wa nguvu zake kinachofuata kinaanza kuingia taratibu huku kile cha kwanza kikipungua. Hivyo mpaka mweusi. Faida yote ya wino wa viwango vingi iko hapa: mahali ambapo printa ya wino mmoja ingetawanya nukta chache nyeusi zinazoonekana kama mchanga, yako inaweka nukta nyingi hafifu zilizoshikana, na anga linatoka laini kama lilivyo. Lakini mpokeaji akichelewa, patatokea bonde. Akiwahi, patatokea kilima. Bonde na kilima vikipita kwenye anga linalofifia, ndizo ngazi zako.

Ili programu ijue lini nani aingie, inahitaji kujua kila kijivu kina uzito gani ukilinganishwa na mweusi. Rudi kwenye ule ukurasa wa kila wino peke yake. Tazama L ya kijivu kizito kikiwa kwenye kikomo chake, kisha tafuta mweusi ulitoa L hiyohiyo ukiwa asilimia ngapi. Ukikuta ni 30, basi uzito wa kijivu hicho ni 30, na ndiyo namba ya kuandika kwenye faili la maelezo ya wino. Fanya hivyo kwa vijivu vyote vitano. Wengi hukadiria namba hizi kutokana na kiwango cha kuchanganyia kilichoandikwa kwenye chupa, wakidhani kijivu cha theluthi moja ya kaboni kitatoa theluthi moja ya weusi. Hakitoi, kwa sababu ileile ya nukta kuvimba. Pima.

Kuna jaribio dogo ninalokuomba ulifanye kabla hujalaumu mapokezano, kwa kuwa ngazi na mistari huweza kuchanganywa. Igeuze picha nyuzi 90, uichape tena. Mistari ikibaki upande uleule wa karatasi, sambamba na mwendo wa kichwa, chanzo ni printa: tundu lililoziba, kichwa kisicholingana, au karatasi isiyosukumwa sawasawa. Ikigeuka pamoja na picha, chanzo ni toni, yaani mpangilio wa vijivu vyenyewe. Angalia pia kama faili lako ni la biti 8. Faili hilo lina viwango 256 tu vya kijivu, na ukilivuta sana kwenye programu ya picha, kama ulivyokuwa ukilivuta ili kufufua vivuli, viwango hivyo vinaachana na mapengo yake yanaonekana hasa angani. Fanya kazi yako yote kwenye biti 16.

Vikomo vikishawekwa na mapokezano yakikaa vizuri, ndipo inakuja hatua ambayo watu wengi huifikiria kuwa ndiyo kusawazisha kwenyewe: kunyoosha. Ni hatua rahisi kuliko zote, ilimradi mbili za kwanza zimefanyika. Chapa ukanda wa visanduku 21, kuanzia 0 hadi 100 kwa kuongeza tano tano, subiri ukauke, upime. Tuseme karatasi tupu imekupa L 96 na weusi kamili L 16. Kati yao kuna hatua 80 za kugawana kwa vipindi 20, yaani kila kisanduku kishuke kwa 4. Kisanduku cha 50 basi kingetakiwa kusoma 56. Chako kimesoma 44, cheusi mno. Ukitazama nyuma, kisanduku cha 35 kimesoma 57 na cha 40 kimesoma 53. Kwa hiyo ile 56 unayoitaka inapatikana robo ya njia kati ya 35 na 40, yaani kwenye 36.25. Kuanzia leo, faili likiomba 50, printa itume 36.25. Huko kwenye vivuli, kisanduku cha 80 kimesoma 20.5 na cha 85 kimesoma 18.5, na ile L 20 inayostahili kisanduku cha 95 inapatikana karibu na 81. Basi faili likiomba 95, itume 81. Huko ndiko kunyoosha, na programu inafanya hesabu zote ukiipa hizo namba 21.

Nimekuonyesha hesabu kwa makusudi, ili uone jambo ambalo programu haitakwambia. Katika mfano huo, wino wote kuanzia 80 hadi 100 umeleta badiliko la L 4.5 tu. Kunyoosha kutaibana sehemu hiyo yote ndani ya kisanduku kimoja na ushei. Kutafanya kazi, lakini kwa kukaza, na mahali palipokazwa ndipo mchanga na mistari hupenda kutokea. Ukiona mkunjo wako umelala hivyo mwishoni, kikomo cha wino bado kiko juu. Kishushe, chapa ukanda upya. Na ukikuta mahali ambapo L imerudi nyuma, kisanduku cha 45 kikiwa cheusi kuliko cha 50, usinyooshe kabisa. Mkunjo uliorudi nyuma una sehemu mbili zinazotoa kijivu kimoja, na hakuna hesabu itakayojua uchague ipi. Hilo ni kosa la mapokezano, lirekebishe kulekule lilikotokea. Kwa ukaguzi wa mwisho tumia ukanda wa visanduku 51. Ule wa 21 unaweza kuruka kilima kizima bila kukiona.

Unaweza kuuliza kwa nini mstari wa L uwe mnyoofu, kwani macho yetu hayataki vivuli vifunguke zaidi? Wapo wachapaji wanaopendelea hivyo. Ushauri wangu ni kunyoosha kwanza. Faili la kijivu la gama 2.2 (kanuni ya kawaida ya kugawa mwangaza ndani ya faili) huweka thamani yake ya katikati kwenye L 54, kwa hiyo mstari mnyoofu wa karatasi unakaribiana sana na unachokiona kwenye skrini iliyosawazishwa. Ukishakuwa na msingi huo, mapenzi yako ya vivuli yaweke kwenye picha, moja moja, kama ulivyokuwa ukiamua kwenye chumba cha giza.

Kuhusu ukahawia, kaboni safi ndivyo ilivyo. Chembe zake ndogo humeza mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na kadiri kijivu kinavyokuwa chepesi ndivyo joto hilo linavyojionyesha. Unaweza kulipunguza kwa kuchanganya wino wa kupoza, wenye bluu au samawati na majenta kidogo, unaowekwa kwenye moja ya nafasi sita na kupewa mkunjo wake. Hapo utapata kijivu kisichoegemea popote, ila ujue unachokitoa. Kaboni ni kati ya vitu vinavyostahimili mwanga kuliko rangi nyingi zinazochapwa, na ile rangi ya kupoza haina ustahimilivu huo. Baada ya miaka mingi ukutani, picha inaweza kurudi taratibu kwenye joto lake, na si lazima irudi kwa usawa. Utakuwa pia umepoteza nafasi moja ya kijivu, na mapokezano yako yatakuwa na wakimbiaji wachache. Mimi naichapa kaboni tupu kwa picha za watu, na sijawahi kujuta. Uso wa mtu unaupenda ule ujoto. Kwa mandhari ya mvua na mawe ningekuelewa ukitaka baridi.

Lakini kabla ya kuamua, tazama picha kwenye mwanga mwingine. Karatasi nyingi zina viang'arisho vinavyochukua mwanga wa urujuanimno usioonekana na kuurudisha kama bluu. Karatasi hiyo karibu na dirisha inaonekana nyeupe ya baridi. Chini ya taa isiyotoa urujuanimno inakuwa ya njano, na kaboni juu yake inazidi kuonekana kahawia. Huenda nusu ya kinachokusumbua ni taa ya chumba chako.

Sasa lile la spektrofotometa. Huhitaji kuinunua ili uanze. Skana ya kawaida ya mezani inaweza kufanya kazi kubwa, kwa masharti. Zima kila marekebisho ya kujiendesha: kung'arisha, kunoa, kuondoa rangi. Skani kwa biti 16. Weka ukanda mmoja wenye thamani zinazojulikana pembeni ya ukanda wako katika skani hiyohiyo, ili upate namna ya kubadilisha namba za skana kuwa L. Katika kila kisanduku chukua wastani wa eneo kubwa la katikati, mbali na kingo. Udhaifu wake uko kwenye vivuli: mwanga wa visanduku vyeupe vilivyo jirani hutapakaa ndani ya kioo na kuvichafua vile vyeusi, hivyo 90, 95 na 100 zitasomeka karibu kuliko zilivyo. Kwa anga lako skana itakutosha. Kwa koti lako itakusaidia nusu njia, na nusu iliyobaki uimalize kwa jicho, chini ya mwanga mzuri, ukiuliza swali moja: visanduku hivi vitatu natenganisha au sitenganishi?

Kifaa chenyewe kina thamani ukiwa na karatasi nyingi na unazibadilisha, au unachapa matoleo ya kuuza ambayo nakala ya kumi lazima ilingane na ya kwanza. Kwa mwenye karatasi moja, kuazima au kukodi kwa alasiri moja kunatosha. Chapa kanda zako zote siku mbili kabla, zikauke, uende nazo. Kupima visanduku 21 hakuchukui hata robo saa.

Niwe mkweli pia kuhusu njia nzima. Printa iliyojazwa wino wa kijivu haitaki kulala. Kama unachapa picha tatu kwa mwezi, matundu yatakuwa yakiziba, na utatumia wino mwingi kusafisha kuliko kuchapa. Zipo printa za kiwandani zenye weusi wa viwango vitatu, kama zile za Epson zilizoanza na wino wa K3 mwaka 2005, ambazo hali yake ya kuchapa nyeusi na nyeupe inatoa picha nzuri sana bila kazi hii yote. Zinatumia rangi kidogo kurekebisha kijivu, hazina ulaini wa vijivu vitano, na huwezi kuingia ndani ya hesabu zake. Kwa mtu anayechapa mara mojamoja ningemshauri huko bila kusita. Wewe umevumilia miezi minne na swali lako linaonyesha unatazama kwa makini, kwa hiyo naamini njia hii ni yako.

Kuna mahali maelezo ya maandishi hayafiki. Ukisafisha kichwa mara tatu na tundu lilelile halifunguki, acha. Usafishaji wa kurudiarudia hujaza sifongo la taka na unaweza kuvuta hewa kwenye mfumo. Mpelekee fundi aliyezoea printa za wino, umweleze mapema kwamba ndani mna wino usio wa kiwandani. Wino ukidondoka wenyewe kwenye karatasi, au wino mmoja ukionekana kwenye safu ya mwingine, usichape chochote mpaka mtu aitazame. Na kama umepanga vikomo, ukapima uzito wa kila kijivu, na bado L inarudi nyuma mahali palepale kila mara, tafuta mchapaji mwenye uzoefu ukae naye meza moja na kanda zako. Kosa la mapokezano ambalo limekusumbua wiki, mtu aliyelizoea hulitambua kwa kuuinamisha ukanda kidogo kwenye mwanga.

Kwa wiki hii, fanya machache. Zitikise katriji, kagua matundu, rudisha picha yako ilivyokuwa kabla ya kuongezwa mwanga. Chapa ukurasa wa kila wino peke yake kwenye karatasi yako, uuache mpaka kesho yake. Kisha keti karibu na dirisha na kioo cha kukuzia, uanze na safu ya mweusi kutoka juu kushuka, mpaka ufike pale ambapo kisanduku na jirani yake havitengani tena. Andika asilimia hiyo kwa penseli pembeni ya karatasi.